Fedha ya kigeni iliyobaki baada ya safari: ipi ibadilishwe kulekule, ipi irudi nyumbani?

Msafiri anayerejea Dar es Salaam au Zanzibar kutoka Dubai, Maskati, Makka, London au Guangzhou aghalabu hurudi na noti chache za nchi aliyotoka, pamoja na sarafu za chuma zinazolia mfukoni bila wa kuzipokea. Kiasi chenyewe huwa kidogo mno kumpeleka mtu benki kwa ajili yake peke yake, lakini si kidogo cha kutupwa. Ndiyo maana huishia kwenye droo, katikati ya stakabadhi za zamani na chaja zisizojulikana ni za simu gani.

Njia zilizo mbele yake ni tano: kubadilisha kabla ya kuondoka ugenini, kurudi nayo na kuibadilisha nyumbani, kuiweka kwenye akaunti ya fedha za kigeni, kuitunza kwa safari ijayo, au kuimaliza hukohuko kwa matumizi. Watu wengi huzilinganisha njia hizi kwa kuuliza ni duka gani lina bei nzuri. Kwa maoni yangu swali la kwanza halihusu duka, linahusu fedha yenyewe, kwa sababu njia inayomfaa aliyebaki na dola itamtia hasara aliyebaki na birr ya Ethiopia, hata kama wote wawili wanaingia kwenye duka lilelile siku ileile.

Bodi ya duka na pengo lake

Kila duka la kubadilishia fedha huonyesha bei mbili, ile ambayo duka linanunulia na ile ambayo duka linauzia, na mwenye salio la safari siku zote hupewa ile ya chini. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo gharama halisi ya kubadilisha, na pengo hilo halilingani kwa fedha zote. Dola ya Marekani, ambayo duka huinunua asubuhi na pengine kuiuza kabla ya adhuhuri, huwa na pengo jembamba; dirhamu, randi au yuani, ambazo huenda zikakaa kwenye sanduku la duka wiki nzima zikimsubiri mnunuzi, huwa na pengo pana, na anayelipia kusubiri huko ni yule aliyezileta.

Tuchukue namba za mfano, ambazo msomaji atazibadilisha kwa namba za siku yake. Msafiri amebaki na dirhamu 200. Bodi ya Dar es Salaam inasema dirhamu inanunuliwa kwa shilingi 620 na kuuzwa kwa 720, ilhali dola inanunuliwa kwa 2,430 na kuuzwa kwa 2,490. Akiuza dirhamu 185 hapa nyumbani atapata shilingi 114,700. Lakini kama kabla ya kuondoka Dubai angezitoa dirhamu hizo 185 na kununua dola kwa dirhamu 3.70 kila moja, angepata noti moja ya dola 50, na noti hiyo ingempa shilingi 121,500 kwenye duka lilelile la nyumbani. Tofauti ni shilingi 6,800, na dirhamu 15 zilizosalia zingemtosha kwa maji na kahawa akisubiri ndege. Kwa mfanyabiashara aliyebaki na mara kumi ya kiasi hicho tofauti inakuwa shilingi 68,000, ambayo hakuna anayeiacha mezani.

Hesabu hiyo, hata hivyo, hugeuka haraka. Baadhi ya kaunta za viwanja vya ndege hutoza ada isiyobadilika kwa kila muamala, juu ya bei mbaya. Kaunta ikikata dirhamu 20 kwanza, zile 185 zinabaki 165, ambazo zitampa dola 44. Na dola 44, hata zikinunuliwa kwa bei ileile ya 2,430, ni shilingi 106,920 tu. Hapo angepata zaidi kama angerudi na dirhamu zake. Kwa hiyo kubadilisha ugenini kunashinda pale tu inapofanywa mjini, kwenye maduka ya mitaa kama ya Deira ambako wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hufikia, na kabla ya siku ya safari. Anayeliacha jambo hili mpaka amevuka ukaguzi wa pasipoti amekwisha kuchagua njia ghali kuliko zote, na pengine hana habari.

Izingatiwe pia kwamba dola hazipokelewi kwa usawa. Marekani haijafuta noti zake, na zote zilizotolewa tangu mwaka 1861 ni halali kwa sheria ya huko. Lakini maduka mengi ya Afrika Mashariki hukataa noti za matoleo ya zamani, hukataa iliyochanika au kuandikwa kwa kalamu, na hutoa bei ya chini kwa noti za dola 1, 5, 10 na 20 kuliko kwa zile za 50 na 100. Anayenunua dola ugenini kwa nia ya kuziuza nyumbani aombe noti kubwa, safi na mpya. Ile ya dola 100 yenye utepe wa buluu, iliyoanza kutolewa Oktoba 2013, haimletei mtu maswali.

Fedha inayoweza kusubiri na isiyoweza

Nani basi atunze, na nani auze mara moja? Hapa ndipo fedha za Ghuba zinapotofautiana na nyingine nyingi. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa dirhamu 3.6725 kwa dola moja. Riali ya Saudi Arabia imefungwa tangu mwaka 1986 kwa riali 3.75, na riali ya Oman tangu mwaka huohuo kwa bei inayoifanya riali moja iwe sawa na dola 2.60. Mtu aliyetunza fedha hizi tangu safari ya miaka mitano iliyopita ana thamani ileile ya dola aliyokuwa nayo siku anatoka uwanjani. Anayekwenda Dubai kila miezi mitatu kuchukua mzigo hana sababu ya kuuza dirhamu 300 leo kwa bei ya chini ili azinunue tena kesho kutwa kwa bei ya juu, kwa maana atakuwa amelipa lile pengo mara mbili kwa fedha moja. Kwa huyu droo ndiyo benki bora.

Hali ni nyingine kabisa kwa aliyetoka Misri au Ethiopia. Tarehe 6 Machi 2024 Misri iliiachia pauni yake ijitafutie bei sokoni, nayo ikashuka siku hiyohiyo kutoka kama 31 hadi karibu 50 kwa dola. Tarehe 29 Julai mwaka huohuo Ethiopia ikafanya vivyo hivyo, na birr iliyokuwa kama 57 kwa dola ikapita 100 ndani ya majuma machache. Aliyekuwa ametunza birr 5,700 akiamini ana dola 100 za safari ijayo alijikuta hana hata 60. Fedha za namna hii, ambazo kwanza ni maduka machache sana huku kwetu yanayozipokea, ziishie kwao: zibadilishwe kabla ya kuondoka, kwa bei yoyote ya halali inayopatikana, au zitumike.

Wapo wanaodhani kwamba dola yenyewe, angalau, hupanda tu. Mkenya aliyerudi safari Januari 2024 na dola 1,000 angepata kama shilingi 160,000 za Kenya, na wengi walizishikilia wakingoja zifike 170,000. Kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130, na zile 1,000 zikawa takriban 130,000. Kuna tofauti kati ya kutunza fedha kwa sababu utaitumia na kuitunza kwa sababu unabashiri bei. Jambo la pili ni biashara, na si biashara inayopaswa kufanywa na mtu aliyekwenda Mumbai kumuuguza mzazi wake.

Fedha zenye masharti ya kutoka

China, India na Afrika Kusini zinahitaji uangalifu wa aina yake, kwa kuwa sheria zao zinaweka kikomo cha fedha ya nchi ambayo msafiri anaweza kuivusha mpakani kwa noti. Kwa China kikomo ni yuani 20,000 na kwa Afrika Kusini ni randi 25,000. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou anapaswa kutunza risiti ya siku alipobadilisha dola kuwa yuani, kwa sababu benki za China huiomba kabla ya kumrudishia mgeni fedha za kigeni kwa kiasi kikubwa, na risiti hiyo hutumika kwa miezi 24. Wengi huitupa hotelini pamoja na tikiti za treni, kisha hurudi na yuani ambazo hapa nyumbani wanazinunua wafanyabiashara wenzao kuliko maduka.

Kwa India naongeza sababu moja ya kutokutunza. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 serikali ilitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zimekoma kuwa halali, na Mei 2023 Benki Kuu ya India ikaanza kuiondoa kwenye mzunguko ile ya rupia 2,000 iliyokuja baada yake. Familia zinazopeleka wagonjwa Chennai au Hyderabad hubeba fedha nyingi za tahadhari, na ni vyema tahadhari hiyo ikakaa katika dola mpaka inapohitajika, ili kisichotumika kirudi kikiwa dola.

Noti hufa

Droo ina hatari nyingine isiyohusiana na bei. Nchi hubadilisha noti zake, na mwenye noti akiwa mbali husikia habari baada ya muda kupita. Hili linawagusa sana wasomaji wa Zanzibar wenye jamaa Oman, kwa sababu Benki Kuu ya Oman ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2024 kwamba matoleo kadhaa yaliyotangulia noti za mwaka 2020, yakiwamo ya mwaka 1995, yangekoma mwishoni mwa mwaka huo. Riali ya Oman ni fedha nzito, na noti moja ya riali 20 iliyosahauliwa ndani ya msahafu au kanga ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 50. Wakenya nao wanaikumbuka tarehe 30 Septemba 2019, siku noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipokoma. Watanzania waliokuwa nazo kwa ajili ya safari za Nairobi na Mombasa nao walipoteza wasipowahi.

Uingereza ni afadhali. Noti za karatasi za pauni 5 ziliondolewa Mei 2017, za pauni 10 Machi 2018, na za pauni 20 na 50 tarehe 30 Septemba 2022, lakini Benki Kuu ya nchi hiyo huendelea kuzibadilisha bila kikomo cha muda. Shida ni kwamba maduka ya kwetu hayazipokei, hivyo mwenye nazo atafute anayekwenda London. Noti mpya zenye sura ya Mfalme Charles, zilizoanza kutumika Juni 2024, hazikufuta zile za plastiki zenye sura ya Malkia Elizabeth. Asikubali mtu kuambiwa kwamba za malkia zimekwisha ili azitoe kwa bei ya kutupa.

Akaunti, ndugu na sheria ya nyumbani

Akaunti ya fedha za kigeni inasifiwa kuliko inavyostahili katika suala hili. Ni chombo kizuri kwa anayepokea mshahara au malipo ya nje, na benki zetu nyingi huifungua kwa dola, pauni na euro. Lakini kwa salio la dola 60 mtu atakutana na kiwango cha chini cha kufungulia, ada za mwezi na uchaguzi uleule wa noti safi, na akiwa na dirhamu au riali mara nyingi ataambiwa azibadilishe kwanza. Njia hii naiona inamfaa yule tu ambaye akaunti anayo tayari.

Kumpa anayesafiri ni njia ya kale na yenye utu. Safari za Umra zinaendelea karibu mwaka mzima, na Mombasa, Tanga au Unguja hakosekani jirani anayejiandaa kwenda. Riali 80 zilizobaki kwa hujaji mmoja zinamfaa mwenzake zaidi kuliko zinavyolifaa duka lolote. Akipewa kama zawadi au sadaka hakuna neno. Mipaka huanza pale mtu anapogeuka kuwa duka, akinunua na kuuza fedha za wasafiri kwa faida, kwa sababu biashara hiyo ni ya wenye leseni ya Benki Kuu. Ugumu wa kuwapata wenye leseni ulionekana wazi baada ya operesheni za Arusha mwishoni mwa 2018 na Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019, ambapo maduka mengi yalifungwa; yaliyopo leo yanaomba kitambulisho na kutoa risiti, na asiyetaka kutoa risiti ni wa kumwepuka hata kama bei yake inavutia.

Zamani mwenye dola angeweza kusema atalipia nazo kodi ya nyumba au ada ya shule hapa nchini. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 zimeifunga njia hiyo, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa ndani yake: bei na malipo ya bidhaa na huduma za ndani ni kwa shilingi ya Tanzania. Dola iliyobaki, basi, ni ya kuuza au ya kusafiria tena.

Kwa safari za jirani sioni haja ya hesabu ndefu. Mkazi wa Arusha, Moshi au Tanga anayevuka Namanga, Holili au Horohoro mara kwa mara abaki na shilingi zake za Kenya. Aliyetoka Kampala au Kigali na asiyetarajia kurudi karibuni abadilishe kabla hajauacha mpaka nyuma, lakini dukani, si kwa wale wanaokimbilia dirisha la basi na mabunda yaliyokunjwa, ambao wepesi wa vidole vyao hauhesabiki.

Kuimaliza hukohuko

Njia isiyotajwa sana ndiyo ninayoiona bora kwa salio la kati, yaani kati ya bei ya chakula cha mchana na bei ya usiku mmoja wa hoteli. Asubuhi ya kuondoka, msafiri anayedaiwa hotelini alipe sehemu ya bili kwa noti zote alizo nazo, na kilichobaki akilipe kwa kadi, akisisitiza kadi itozwe kwa fedha ya nchi ile na si kwa shilingi. Mashine ikimuuliza achague, fedha ya nchi ile ndiyo nafuu. Kwa namna hii fedha inatumika kwa thamani yake kamili, bila pengo la bodi wala ada. Hoteli nyingi hukubali, ila ni vizuri kuwaambia mapokezi kabla hawajafunga hesabu.

Maduka yasiyotozwa ushuru ya uwanjani yanaonekana kufanana na njia hii, lakini tofauti ni kubwa: bili ya hoteli ni deni ambalo lazima lingelipwa, ilhali chokoleti na manukato ya uwanjani hununuliwa kwa sababu tu fedha ipo, na mara nyingi mtu huongeza ya kadi juu yake. Anayeyataka aingie, asijihesabie kwamba ameokoa. London kuna njia ndogo nzuri zaidi: salio linalowekwa kwenye kadi ya usafiri ya Oyster haliishi muda wake, kwa hiyo pauni saba za mwisho zinaweza kumngoja mwenyewe, au mpwa wake anayekwenda kusoma.

Sarafu za chuma zina kanuni moja isiyo na mjadala: hakuna duka la kubadilishia fedha la kwetu linalozinunua. Zitumike kwanza, kuanzia siku mbili kabla ya kuondoka, kwa kulipia basi, mkate na maji huku noti zikiachwa kando. Zinazobaki zinaweza kutolewa ndani ya ndege, kwa kuwa baadhi ya mashirika hukusanya chenji za abiria kwa ajili ya watoto kupitia mpango wa UNICEF ulioanza mwaka 1987; bahasha hupitishwa kabla ya kutua, na mhudumu akiulizwa mapema huileta. Mimi sikuuliza mapema. Kwenye kopo la maziwa nyumbani kwangu zimo sarafu nne za pauni moja za duara, zile zilizokoma kuwa halali tarehe 15 Oktoba 2017, na watoto wamezifanya kete za bao.